Sheria, Fedha na Siasa Si Mali ya Wakubwa

Msomaji, pengine umepata kumsikia mtu mzima akisema, "Mimi ni mkulima tu; sheria ni kazi ya mawakili, na siasa ni kazi ya wabunge." Maneno hayo husemwa kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ni jambo jema, lakini huu una gharama kubwa. Niliijua gharama hiyo nyumbani kwetu kabla sijaisoma katika kitabu chochote.

Mwaka 1998 baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wanne, akanunua ekari 2 za shamba kwa jirani yake. Walipatana vizuri, karatasi ikaandikwa mbele ya wazee, kila mmoja akatia kidole chake, chai ikanywewa, na mambo yakaisha. Wao waliona yamekwisha. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, iliyotungwa mwaka 1967, yasema vingine: uuzaji wa shamba katika eneo lililo chini ya sheria hiyo ni batili bila kibali cha bodi ya ardhi, na kibali chenyewe sharti kiombwe katika muda wa miezi 6 tangu siku ya mapatano. Hapana hata mmoja katika kikao kile aliyelijua jambo hilo. Wazee walikuwa waaminifu, na muuzaji alikuwa mwaminifu; uaminifu wao haukuwa kibali.

Muuzaji alipofariki, wanawe walilitaka shamba. Baba mdogo alikuwa amekwisha kupanda migomba na kujenga jiko. Sheria hiyo hiyo humpa mnunuzi haki ya kudai fedha alizotoa, na mwaka 2012, baada ya vikao vingi, alirudishiwa shilingi zake zote, hata senti moja haikupungua. Tazama sasa jinsi hasara ya pili ilivyojificha nyuma ya ile ya kwanza. Shilingi zilikuwa zile zile kwa hesabu, lakini si kwa nguvu. Fedha za ng'ombe wanne hazikutosha kununua hata ng'ombe mmoja wa maziwa. Bei za vitu zilikuwa zimepanda mwaka baada ya mwaka, na fedha hizo zikapungua thamani bila kuguswa na mwizi. Wataalamu wa uchumi huliita jambo hilo mfumuko wa bei. Baba mdogo aliliita uchawi. Simcheki, kwani mimi niliyekuwa chuoni wakati huo nikijifunza ualimu sikuweza kumweleza sawasawa.

Wako pia wadhanio kwamba asiye na mshahara halipi kodi. Ukinunua sabuni ya shilingi 116, shilingi 16 ni kodi ya ongezeko la thamani, nayo hutozwa tajiri na maskini kwa kipimo kimoja. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, kipimo hicho kilishushwa kutoka 16 hadi 14 kwa mia. Januari 2021 kikarudishwa. Hakikushuka kama mvua. Kilishushwa na watu, na wengi wa watu hao walipelekwa Nairobi kwa kura za wanunuzi wa sabuni. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate nao utozwe kodi hiyo. Vijana, baadhi yao wakubwa wenu kwa miaka michache tu, waliusoma mswada ule na kuufasiri kwa lugha za nyumbani kwao. Pendekezo la mkate likaondolewa mwezi wa Juni. Siku chache baadaye barabara zilijaa watu, wengine wakapoteza maisha yao, na Rais akakataa kuutia sahihi mswada wote.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 118, imelipasa Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi yake. Imeandikwa pia kwa Kiswahili. Nimewauliza wanafunzi wangu wangapi wanayo nyumbani, na nimeona mikono miwili ikiinuliwa.

Baba mdogo amepata kipande kingine cha shamba, nusu ekari tu. Kabla ya siku ya kwenda mbele ya bodi alinijia jioni na fomu yake, akanitaka nimsomee mara tatu. Mara ya tatu alinisimamisha katikati, akauliza, "Neno hilo lina maana gani?"