Kufundishana Kazi kwa Telefone

Wazee walisema: Ujuzi hauzeeki. Mwenye ujuzi huzeeka, lakini ujuzi wake hubaki kijana, mradi apate wa kumwachia. Asipopata, huenda nao kaburini. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya watu wa kazi hapa Lubumbashi wanaofundishana kwa makundi ya telefone, hasa yale ya WhatsApp. Wengine huyasifu kupita kiasi, wengine huyadharau. Sisi twasema: kundi la namna hiyo ni shule kweli. Na kama ni shule, yatupasa kulitendea kama shule.

Kwanza tutazame nyuma kidogo. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka 1911 tanuru la shaba likaanza kazi. Mwaka huohuo Wasalesiani wa Don Bosco walifika, nao wakawa walimu wa ufundi. Kampuni ya Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilianza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, kwa mikataba ya miaka kadha. Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mema: amri ilikuwa kali, na vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu. Lakini kijana alikaa miaka mingi kando ya fundi mmoja. Alitazama mikono yake, akakaripiwa, akajaribu tena, akajua. Serikali ilipoitwaa migodi mwaka 1967, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines iliendelea hivyo kwa muda mrefu.

Kisha mnyororo ukakatika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka, na tangu hapo Gécamines ikazidi kudhoofika. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alitoka na ujuzi wake kichwani. Shimo la Kipushi lilifungwa mwaka 1993, likaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Haya, hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa alikuwa na miaka 31 kazi iliporudi. Angemtazama fundi gani chini ya ardhi pale? Tena vijana wengi siku hizi huajiriwa na makampuni madogo, kwa mkataba wa miezi michache. Mwezi huu yuko Likasi, mwezi ujao Fungurume. Hakai mahali hata akapata mwalimu.

Hapo ndipo telefone inaposaidia. Kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu hata 1,024. Ndani yake wamo mzee aliyestaafu wa Katuba, kijana aliye kazini Kolwezi, na mwalimu wa shule ya ufundi. Kijana hupiga picha ya mota iliyoungua, akauliza: "Papa, hii ni ya pili mwezi huu. Sababu ni nini?" Mzee hujibu kwa sauti yake mwenyewe: "Mwanangu, usifunge mota nyingine kwanza. Pima umeme wa nyaya zote tatu. Waya mmoja ukikosa umeme, mota itaungua tena." Vitabu vya mashini vimeandikwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza au kwa Kichina. Sauti ya mzee yasema Kiswahili, na yaweza kusikilizwa mara kumi bila mzee kuchoka.

Jambo hili si la mafundi peke yao, wala si la mji wetu peke yake. Katika nchi ya Kenya (hatusemi komini yetu ya Kenya hapa mjini), wahudumu wa afya wa Kibera na wa Makueni waliwekwa katika makundi ya WhatsApp pamoja na wasimamizi wao, na wataalamu wakaandika habari zao mwaka 2016. Wahudumu wale hutembea nyumba kwa nyumba, mbali na msimamizi. Kwa kundi waliweza kumwuliza, kuonyesha kazi yao kwa picha, na kupewa moyo mbele ya wenzao.

Lakini labda mzee mmoja atatuuliza: "Nikitoa ujuzi wangu bure, nani ataniita tena kazini? Ujuzi huu ndio chakula changu." Ndugu, tusimcheke mzee huyo, wala tusimwite mchoyo. Asema kweli. Wengi walioachishwa walitoka na fedha kidogo, zikaisha upesi. Leo mzee ananunua mega kwa fedha yake ili amfundishe kijana wa kampuni ambayo haimjui hata jina. Kijana naye anajifunza usiku, baada ya kazi, kwa mega zake mwenyewe. Mota inapona, kampuni inapata faida, na hakuna aliyemlipa mwalimu. Je, hiyo ni haki? Sisi twaona si haki. Kampuni inayofaidika na kundi yapaswa kumwita mzee, kumkalisha mbele ya vijana siku kadha, na kumlipa mshahara wa mwalimu. Kijana naye, akipata kazi kwa mafundisho ya mzee, asimsahau. Amtaje jina mbele ya mkubwa wake, wala asijisifu kana kwamba alijua tangu tumboni mwa mama yake.

Tena mwanafunzi ana wajibu wake. Kwanza, aulize bila haya, maana kuuliza si ujinga. Sisi makatekista nasi tuna makundi yetu, na twaona yaleyale: asubuhi picha za maua na salamu ni nyingi mno, na swali la kazi lazama chini yake. Heri salamu ziwe na kundi lake, na kazi iwe na lake.

Pili, apime maneno. Habari inayotumwa kutoka kundi hadi kundi haina baba wala mama. Mwuguzi asimpe mgonjwa kipimo cha dawa kilichotoka katika ujumbe asiojua mwandishi wake. Wala asitume uso wa mgonjwa mbele ya watu mia. Mgonjwa alimwamini yeye, hakuwaamini watu mia.

Tatu, aandike katika daftari. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima, nayo ilirudi baada ya siku zipatazo ishirini. Makundi yote yakawa bubu. Aliyekuwa na daftari alisoma na kuendelea na kazi yake. Aliyeweka yote katika telefone alingoja.

Nne, asidhani kwamba kusikia ni kujua. Telefone haishiki mkono wa mtu. Haimwambii kwamba amekaza nati kupita kiasi, wala haisikii mlio mbaya wa mashini ambao mzee angeutambua akiwa bado mlangoni. Kwa hiyo, wewe kijana uliyejibiwa vema na mzee wa hapa mjini, uliza parseli yake iko wapi. Siku ya mapumziko nenda umwamkie, ukichukua sukari au unga kwa ajili ya nyumba yake. Beba na kifaa kile kilichokushinda. Mwombe akitengeneze mbele yako, kisha akifungue tena, nawe ukitengeneze mbele yake.