Sauti Iliyotoka Matangani

Vijana wa kwaya zetu hapa Bukavu wanayajua majina ya waimbaji wa Korea kuliko majina ya manabii wadogo. Huwaona katika simu wakiimba nyimbo za polepole za mapenzi, kisha huwaona tena katika filamu, mtu yule yule akiwa mwimbaji na mwigizaji. Wanapotuambia kwamba jambo hilo ni jipya duniani, sisi tuliovuka miaka hamsini hutabasamu. Nchi yetu ilikuwa na mtu wa namna hiyo zamani, na mmoja wa wawili waliomsimamisha mbele ya kamera ni mzaliwa wa mji huu huu. Tunamsema Papa Wemba.

Wapo wazazi katika mashirika yetu watakaoshangaa kumkuta katika ukurasa huu, yeye mtu wa dansi na mavazi, tena aliyepata kufungwa. Lakini ni wazazi hao hao wanaotujia kila mwaka na swali moja: mtoto amejaliwa sauti, kwaya inamtegemea, naye anataka kwenda kuimba katika orkestra. Wamzuie au wamwache? Hatuoni jinsi ya kulijibu swali hilo bila kutazama maisha ya mtu mmoja kamili, mema yake na mabaya yake.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 huko Lubefu, katika Sankuru, akaitwa Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alikulia Kinshasa. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke aliyeitwa matangani ili aongoze kilio kwa wimbo, naye mtoto alifuatana naye. Mwenyewe alipoulizwa sauti ile ilitoka wapi, alimtaja mama yake. Na baada ya mama alitaja kwaya ya Kanisa Katoliki alimoimba utotoni.

Hapa twaomba msomaji asimame nasi kidogo. Sisi watu wa Kivu tumekaa matangani usiku mwingi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Tunajua kazi ya yule mama anayeanzisha wimbo saa nane za usiku, wakati wengine wamechoka na baridi ya ziwa imeingia chini ya turubai. Haimpasi kulia kama wafiwa, maana akilia hivyo sauti itakatika na kilio chote kitasambaratika. Wala haimpasi kuimba kama mtu asiyeguswa. Analijua jina la marehemu, kijiji chake, watoto aliowaacha, na anavipandisha vyote juu ya sauti moja hadi wafiwa waweze kuegemea hapo. Katekisimu inatufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma la kimwili, na kuwafariji wenye huzuni ni tendo la huruma la kiroho. Mwombolezaji hutenda yote mawili kwa pumzi zile zile. Anayeisikiliza sauti ya Wemba katika nyimbo zake za polepole, ile sauti nyembamba ya juu inayokaribia kupasuka lakini haipasuki, atamtambua mama huyo hata kama hajui neno moja la Kilingala.

Mambo ya kazi yake tutayapita upesi, kwani yamekwisha andikwa na wenye ujuzi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha Zaiko Langa Langa, kundi lililoacha tarumbeta za wakubwa wao na kuzipa gitaa na ngoma nafasi yote. Wakati ule alijiita Jules Presley, kwa kumpenda yule Mmarekani. Kisha mwaka 1972 ukaja uamuzi wa serikali ya Mobutu wa kufuta majina ya Kikristo, uamuzi ambao Kardinali Malula aliupinga hata akalazimika kuhamia Roma kwa miezi kadhaa. Jules akatoweka, akabaki Shungu Wembadio. Mwaka 1974 ilikuwa Isifi Lokole, baadaye Yoka Lokole, na mwaka 1977 kundi lake mwenyewe, Viva la Musica. Katika miaka ya 1990 alirekodi Ulaya albamu zilizomfikisha mbali, *Le Voyageur* ya mwaka 1992 na *Emotion* ya mwaka 1995.

Jambo moja la miaka ya Matonge halituachii. Aliutangaza mtaa wa nyumbani kwao kuwa kijiji, yeye mwenyewe akiwa chifu wake, akakiita Molokai. Jina hilo lilifumwa kutokana na barabara za pale: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda, Inzia. Mkatoliki hawezi kulisikia bila kumkumbuka Mtakatifu Damiano, padri Mbelgiji aliyewahudumia wenye ukoma katika kisiwa cha Molokai, akafa kwa ugonjwa wao tarehe 15 Aprili 1889, na ambaye Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. (Vijana wetu watatusamehe kwamba katika makala hii wamo Papa wawili.) Kisiwa kile kilikuwa mahali pa watu waliotengwa na jamii, kijiji hiki kilikuwa mahali pa vijana wasio na kazi waliotaka kutazamwa. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Twasema tu kwamba kijana asiyeonekana na mtu atakwenda kwa yeyote anayemwita kwa jina, na kwamba parokia zetu zingefanya vema kujiuliza ni nani anayewaita vijana hao sasa.

Sasa tuje kwenye filamu. Mwezé Ngangura, aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1950 na kusomea sinema Ubelgiji, aliongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy filamu *La Vie est belle*, iliyotoka mwaka 1987. Wemba ni Kourou, mwanamuziki maskini wa kijijini anayekwenda Kinshasa akitamani kuimba kwa vyombo vya umeme, na kwa kukosa njia anakuwa mtumishi wa nyumbani. Anampenda Kabibi. Tajiri anayemtumikia naye anamtaka Kabibi awe mke wa pili, kwa shauri la mganga. Watu hucheka tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tumewahi kuitumia katika mafundisho ya wachumba, maana inaonyesha bila mahubiri jinsi mke wa kwanza anavyodhalilika na jinsi fedha inavyodhani inaweza kununua ndiyo ya msichana. Wemba haigizi kwa ufundi mkubwa. Anatembea, anatazama, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa abaki alivyo. Yatosha. Anapofungua kinywa kuimba, utamsamehe mengine yote.

Mwezé alimrudia miaka mingi baadaye, katika *Les Habits neufs du gouverneur*, filamu iliyotokana na ile hadithi ya Andersen ya mtawala aliyedanganywa kuhusu mavazi yake. Kumweka ndani yake mtu aliyewafundisha vijana wa Kongo kuabudu nguo za Paris na Japani ni mzaha ambao Mwezé bila shaka aliufurahia. Kuhusu *sape* yenyewe hatuna ukali wa baadhi ya wenzetu. Mwalimu anayenyoosha suruali yake moja kwa pasi ya makaa kabla ya kwenda darasani anajua kwamba usafi ni heshima. Lakini mwalimu huyo hakopi ada za watoto ili anunue viatu, na hapo ndipo tunapoachana na wale wasapeli.

Na mwaka 2012 alionekana kwa sura yake mwenyewe katika *Kinshasa Kids* ya Marc-Henri Wajnberg, filamu ya watoto wa mitaani walioshtakiwa uchawi, wanaounda kundi la muziki. Watoto wa namna hiyo wapo hata Kadutu, na makatekista wanajua milango iliyowafukuza. Mingine ina msalaba juu yake.

Lililo zito zaidi lilimpata Ufaransa. Mwezi Februari 2003 alikamatwa, akakaa gerezani zaidi ya miezi mitatu, na mwezi Novemba 2004 mahakama ya Bobigny ikamhukumu kifungo cha miezi 30, sehemu kubwa ikiahirishwa, pamoja na faini ya euro 10.000. Kosa lilikuwa kuwaingiza watu Ulaya kwa kuwaandikisha kama wanamuziki wake, kwa malipo. Mitaani watu hao huitwa *ngulu*, yaani nguruwe, jina ambalo latosha kuonyesha walivyohesabiwa. Wapo wanaomtetea kwamba aliwasaidia vijana kutoka katika shida. Hatukubaliani nao. Msaada hauna bei ya kiti. Katika mji huu tunajua familia zilizouza shamba ili mtoto mmoja aondoke, na tunajua zilizobaki bila shamba na bila mtoto. Kipaji kilichopokelewa bure matangani, cha kuwasindikiza waliokufa, hapa kiligeuzwa hati ya kuwatoza walio hai, na kadiri kipaji kilivyokuwa kikubwa ndivyo jambo lilivyoumiza.

Alipotoka alisema kwamba Mungu alimtembelea katika chumba cha gereza, akatunga wimbo *Numéro d'écrou*, yaani namba ya mfungwa, katika albamu *Somo Trop* ya mwaka 2003. Wengi walicheka. Sisi tunaokwenda na wenzetu wa chama kuwatembelea wafungwa hatukucheka, kwani tumeyasikia maneno kama hayo kutoka kwa watu wasiokuwa na albamu ya kuuza.

Kwa mzazi aliyetuuliza, basi, tunajibu hivi: usimzuie, lakini usimpeleke peke yake. Mwulize anamwimbia nani, na nani anamlipa, na kwa nini. Mwombe abaki na zamu moja ya kuimba misibani katika shirika lenu, hata akiwa maarufu kiasi gani.

Usiku wa kuamkia Dominika, tarehe 24 Aprili 2016, Wemba alikuwa akiimba Abidjan katika tamasha la FEMUA. Alianguka jukwaani nyuma ya wachezaji wake, nao wakaendelea kucheza kitambo kidogo kabla ya kugeuka. Alikuwa na miaka 66. Siku kumi baadaye, baada ya Misa katika kanisa kuu la Notre-Dame du Congo, alizikwa Kinshasa.

Dominika ile ilikuwa ya 5 ya Pasaka, na somo la pili lilitoka katika Ufunuo, pale panaposemwa juu ya machozi kufutwa na kilio kukoma. Habari zilitufikia kwa simu tukitoka kanisani, na wengine hawakuamini hadi mchana. Jioni shirika letu lilikusanyika kama kawaida. Mama mmoja mzee, ambaye kwa miaka mingi ndiye anayetuongozea nyimbo misibani, aliomba aongezwe katika nia za sala. Tukamtaja kama tunavyowataja marehemu wetu wote, kwa jina la Kikristo: Jules.