Tuliobaki Nje ya Uzio

Ijumaa ile kulikuwa na tamasha uwanjani. Kiingilio elfu tano, na boom lilikuwa halijaingia. Nikabaki nje ya uzio na wenzangu, tukisikiliza muziki wa bure. Siwezi kudanganya, niliona aibu.

Wiki iliyofuata, nikiandaa somo la Historia, nikakutana na bustani za starehe za London. Vauxhall, iliyofungwa mwaka 1859, ilikuwa na muziki, fataki na maelfu ya taa. Lakini mlangoni ulilipa kwanza, na si kila kibarua aliweza. Hata hivyo, puto halina uzio: mwaka 1836 Charles Green na wenzake wawili walipaa kutoka pale mpaka Ujerumani, na wasiolipa nao waliinua macho wakaliona.

Mwaka 1845, mashariki ya jiji hilohilo walikoishi maskini, ikafunguliwa Victoria Park. Huko hakukuwa na kiingilio.

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nikipanga ziara ya darasa, nitaanza na swali moja: nani hana nauli? Sitaki mwanafunzi wangu asimuliwe Jumatatu yale wenzake waliyoyaona.