Simu Yako Sio Sanduku

Ukiwauliza vijana wenzangu picha zao ziko wapi, jibu ni lile lile: "Ziko kwa simu." Ukimbana mtu kidogo anaongeza, "zingine ziko klaudi." Na anakwambia hivyo kwenye foleni ya feri, simu iko mfuko wa nyuma. Jamani, si Likoni mnaijua?

Kompyuta haijui picha wala sauti. Inajua 0 na 1 tu. Herufi B ya Bofu kwake ni 01000010. Hizo tarakimu 8 ndizo baiti moja, na picha moja ya simu ni mamilioni ya baiti. Sasa swali ni: hizo 0 na 1 zimeandikwa juu ya nini?

Hadi diski inaandika kwa sumaku kwenye sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Ndio maana ikianguka ikiwa kazini unaweza kulia. DVD inasomwa kwa leza, ikikwaruzwa inakwama. Flashi, memori kadi, SSD na simu yako hazina kinachozunguka. Zinafungia chaji ya umeme ndani ya vyumba vidogo mno. Vyumba hivyo huchoka vikiandikwa na kufutwa sana, na flashi ikilala kabatini miaka mingi, chaji inaweza kuvuja. RAM nayo ni msahaulifu kabisa: stima ikipotea, hakumbuki kitu.

Na klaudi? Hakuna wingu hapo. Ni diski za mtu mwingine, kwenye jengo la mbali, na njia ya kuzifikia ni kebo. Kebo za TEAMS na SEACOM zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kusini huko baharini, neti ya Kenya ilisota. Picha zako zilikuwepo, ila kuzifikia ndio kazi. Tena Google wanakupa GB 15 za bure, na 2023 walitangaza kuwa akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa.

Kwetu kuna kaseti ya VHS ya harusi ya shangazi. Ndani yake babu anawaombea dua maharusi, na hatuna sauti yake mahali pengine popote. Kaseti ni nzima, deki ndio hakuna. Funai ya Japani, iliyokuwa kama ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha 2016. Nilizunguka mjini hadi nikapata fundi mwenye deki inayofanya kazi, akaigeuza kuwa faili. Nyanya alipoisikia hakusema neno. Aliomba irudishwe nyuma, mara tatu.

Chuo niliacha, lakini hili silihitaji cheti kulisema: kuhifadhi ni kuhama. Kila kifaa kitakufa, au mashine ya kukisoma itakufa kwanza. Kinachobaki ni kile kilichonakiliwa kabla. Sauti ya babu sasa iko nakala tatu: laptopu yangu, hadi diski iliyoko kwa mamangu mdogo Kisauni, na klaudi. Nyumba moja ikiungua au mwizi akipita, babu bado anaongea.

Basi usiku wa leo, kabla ya kuskroli, chagua vitu kumi ambavyo ukivipoteza huwezi kuvinunua. Vitoe kwa simu, viweke pahali pengine pawili. Halafu mwakani, vihamishe tena.