Koti la Mtumba, Kofia Mpya: Barua kutoka Uingereza



Mashindano ya farasi, ambayo nchini Uingereza hufanyika karibu kila mwisho wa juma tangu baridi inapopungua hadi majani yanapoanza kupukutika, yana kanuni za mavazi zinazomshangaza mgeni kutoka Usukumani kuliko wanavyomshangaza farasi wenyewe. Mpandaji mmoja, akiwa juu ya farasi yuleyule na katika uwanja uleule, huonekana saa tatu asubuhi amevaa koti la buluu nzito lililopigwa pasi na kitambaa cheupe kilichofungwa shingoni, kisha saa tisa alasiri huonekana na fulana ya mikono mirefu yenye rangi za kuwaka na kizibao kinene cha kinga, na laiti angeingia katika sehemu hiyo ya alasiri bila kizibao hicho, angezuiwa asishindane. Anayetazama kwa mbali hudhani kwamba huo ni ulimbwende wa watu wenye fedha. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inaficha jambo la msingi, kwamba karibu kila kipande cha vazi la farasi kilianza kama zana ya kazi, iwe ya vita, ya uwindaji, ya uchungaji au ya mbio, na kwamba leo baadhi ya vipande hivyo bado ni zana kamili ilhali vingine vimebaki kuwa kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufa. Uchaguzi wa busara huanzia katika kuvitenga viwili hivyo.

Somo hili si geni kwa wasomaji wa Zagayu, huko Simiyu, kama linavyoweza kuonekana. Ni kweli kwamba farasi hakuwahi kuwa mnyama wa Usukumani, kwa sababu ndorobo pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na visubi na huua farasi wengi wanaoupata, vilimzuia kustawi katika sehemu kubwa ya ukanda huu, na mizigo ikabaki kwa punda na kwa ng'ombe wa kukokota. Lakini mavazi ya kushindania yanafahamika vizuri mno mahali ambapo Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyopingana, vimekuwa vikigombea watazamaji kwa kila hila, nguo zikiwamo. Tofauti iliyopo ni ya mwelekeo, kwa kuwa mcheza ngoma hutafuta vazi ambalo halijapata kuonekana, ili umati umkimbie mpinzani na kuja kwake, wakati mpanda farasi wa Uingereza hutafuta vazi ambalo halitamfanya mwamuzi amtazame yeye badala ya farasi.

Vazi linalostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni kiatu, ingawa wanunuzi wapya hukiacha mwisho. Mpandaji hutia mguu katika kikuku, yaani pete ya chuma inayoning'inia kwa mkanda pembeni mwa tandiko, na hatari kubwa si kuanguka bali ni kuanguka huku mguu umepenya hadi kifundoni na kunasa, kwani farasi aliyeshtuka hukimbia na kumburuta mtu. Kwa sababu hiyo buti la farasi lina kisigino kifupi kilichosimama wima, ambacho huuzuia mguu usipenye, na lina soli laini isiyo na meno makubwa, ili mguu uchomoke bila kukwama. Raba haina kisigino hicho. Gambuti lina kisigino, lakini mara nyingi ni pana mno na soli yake hung'ang'ania, na katambuga, ambayo mchungaji wa Simiyu huitegemea kwa safari ya siku nzima, haifai hata kidogo kwa kazi hii. Katika mbio za masafa marefu, ambazo hupendwa sana katika nchi za Ghuba na ambamo farasi huweza kwenda kilomita 160 kwa siku moja, kanuni za kimataifa hudai kisigino kisichopungua milimita 12, isipokuwa kama kikuku kimewekewa kizuizi mbele kinachofanana na kikapu, na hapo mpandaji anaruhusiwa kuvaa viatu vyepesi ambavyo anaweza pia kukimbia navyo kando ya farasi.

Suruali hufuata kiatu. Iko ile inayoishia katikati ya muundi na kuvaliwa ndani ya buti refu, na iko ile inayoshuka hadi kifundoni na kuvaliwa na buti fupi, ambayo huitwa kwa jina la Jodhpur, mji wa Rajasthan nchini India, kwa kuwa Sir Pratap Singh wa huko ndiye anayetajwa kuipeleka Uingereza mwaka 1897, alipohudhuria sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Aina zote mbili hushonwa kwa namna ambayo mshono mnene hauangukii upande wa ndani wa paja na goti, mahali panaposuguana na tandiko kwa saa nyingi, na mahali hapo huwekwa kiraka cha ngozi au cha mpira laini kinachoshika. Mkulima wa pamba wa Zagayu, anayelijua zao hilo kuanzia mbegu hadi mizani ya chama cha ushirika, atafurahi kusikia kwamba pamba bado imo katika suruali hizi, ila kwa kawaida huchanganywa na nyuzi zinazovutika, kwa sababu pamba tupu ikilowa jasho hujikunja, na mkunjo mmoja tu nyuma ya goti hutosha kutoa malengelenge kabla ya adhuhuri.

Kofia ndiyo sehemu ambamo mabadiliko makubwa yametokea katika miaka ya karibuni. Driseji ni shindano ambalo farasi huonyesha utii na ulaini wa mwendo kwa kufuata hatua zilizopangwa, na katika ngazi zake za juu wapandaji walivaa kwa miaka mingi kofia ndefu nyeusi ya hariri, isiyokinga chochote isipokuwa heshima ya mvaaji. Mwezi Machi 2010, Courtney King-Dye, mpandaji wa Marekani aliyeshiriki Olimpiki ya Beijing, alianguka mazoezini bila kofia ngumu baada ya farasi wake kujikwaa, akavunjika fuvu na kupoteza fahamu kwa wiki kadhaa. Alipopata nafuu akawa mhamasishaji wa kofia za kinga. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya London, Charlotte Dujardin wa Uingereza alishinda dhahabu ya driseji akiwa na kofia ngumu kichwani, na hoja kwamba kofia hiyo huharibu umaridadi ikakosa nguvu. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, lililoundwa mwaka 1921 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi, liliifanya kofia ya kinga kuwa ya lazima kwa wote kuanzia Januari 2021. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, na inasikitisha kwamba ilihitaji mtu kuvunjika.

Jinsi ya kuichagua kofia hiyo ni jambo la mikono zaidi kuliko la vitabu. Ndani yake hutafutwa kwanza lebo inayoonyesha kiwango cha ubora kinachotambuliwa na mashindano yanayokusudiwa, kwa kuwa kiwango kinachokubaliwa Marekani si lazima kikubalike Uingereza. Kisha kofia huvaliwa ikiwa sawasawa, ukingo wake ukiwa juu kidogo ya nyusi, na kabla ya ukanda wa kidevuni kufungwa mvaaji hutikisa kichwa mbele na nyuma: ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja na kofia, imemkaa, lakini kofia ikiteleza peke yake ni kubwa, hata kama muuzaji anasema itabana baadaye. Kofia iliyokwisha kuanguka hubadilishwa, hata ikiwa haina alama, kwa maana tabaka la ndani linalomeza kishindo hubonyea mara moja na halirudi. Hapa ndipo desturi ya mtumba, ambayo Watanzania wameizoea na ambayo Waingereza nao wanayo katika maduka yao ya hisani, inapaswa kuwekewa mpaka. Koti la mtumba ni jambo jema, na makoti mengi ya watoto huuzwa yakiwa yamevaliwa majira mawili tu kabla ya mikono kuyapita. Buti la mtumba hufaa pia, likikaguliwa kisigino na mishono. Kofia ya mtumba haifai, kwa sababu hakuna anayeweza kuiuliza imeanguka mara ngapi.

Koti lenyewe ndilo sehemu ya kumbukumbu. Koti jekundu ambalo bado huonekana katika shindano la kuruka viunzi lilitoka kwa wawindaji wa mbweha, na uwindaji huo wa kutumia mbwa ulipigwa marufuku katika England na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, lakini vazi lake linaendelea kuishi viwanjani, na timu ya Uingereza hulivaa kama timu ya Ireland inavyovaa la kijani. Kitambaa cheupe cha shingoni, kinachozungushwa mara mbili na kubanwa kwa pini, nacho kina asili ya porini, ambako husemwa kilitumika kufunga jeraha la mtu au la farasi. Leo mshindani wa driseji anayekifunga kwa dakika 15 mbele ya kioo hategemei kufunga jeraha lolote. Katika ngazi za chini za driseji huvaliwa koti fupi la rangi nzito, na katika ngazi za juu lile lenye mikia miwili nyuma. Katika maonyesho ya farasi wa kienyeji wa milimani hupendelewa koti la twidi, yaani sufu nzito yenye rangi za udongo na majani, kwa sababu farasi wa namna hiyo huhesabika kuwa wa kazi, na kumpandia kwa koti jeusi la jioni kungeonekana sawa na kwenda kuchunga kwa suti.

Mambo hubadilika kabisa mpandaji anapotoka kwenda kuruka magogo na mitaro ya porini. Kofia ya huko haina ukingo wa mbele uliogandishwa, kwani ukingo wa namna hiyo unaweza kukita ardhini na kuivuta shingo, badala yake huvikwa kifuniko cha kitambaa cha rangi anayoipenda mwenyewe. Juu ya kizibao cha kinga wengi huongeza kizibao cha hewa, ambacho kina kichupa kidogo cha gesi na kamba iliyofungwa kwenye tandiko; mtu akitupwa, kamba huvutika, kichupa hutoboka na kizibao hujaa hewa kabla hajafika chini. Kasoro yake ni ya kuchekesha kidogo: anayeshuka kwa hiari yake akisahau kuifungua kamba hulipuka kama puto mbele ya watu wote, akalazimika kununua kichupa kingine.

Katika mbio za uwanjani rangi si za mpandaji bali ni za mwenye farasi, utaratibu uliopangwa Newmarket mwaka 1762 ili watazamaji waweze kutofautisha farasi kwa mbali, na ambao kwa Afrika Mashariki unaweza kuonekana katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Agosti 1, 2019, msichana wa London mwenye umri wa miaka 18, Khadijah Mellah, aliyejifunzia katika klabu ya farasi ya Ebony huko Brixton, alishinda mbio za hisani za Magnolia Cup katika uwanja wa Goodwood akiwa amevaa hijabu chini ya kofia ngumu, na kwa familia za Waswahili wa Uingereza zenye mabinti swali la kama binti anaweza kushindana akiwa na hijabu likapata jibu la wazi. Jibu la kivitendo ni kwamba hijabu hiyo inapaswa kuwa ya kitambaa chembamba kinachovutika, isiyo na fundo wala pini, kwa kuwa chochote kigumu kinachokaa kati ya fuvu na kofia huwa msumari siku ya kuanguka, na kofia yenyewe hupimwa hijabu ikiwa tayari kichwani.

Mchezo wa polo una suruali yake nyeupe na ngao za magoti; mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani una jinzi na vifuniko vya ngozi vinavyovaliwa juu yake, ambavyo mtu aliyepenya vichaka vya miiba akifuata ng'ombe aliyepotea ataelewa faida yake bila kuelezwa.

Yapo pia mashindano ambayo hayakupitia Ulaya. Nchini Oman, ambako Kiswahili bado husikika katika nyumba nyingi za Muscat, ardha, yaani maonyesho ya farasi na ngamia, iliyoingizwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, huwakutanisha wapandaji waliovaa kanzu, kilemba na jambia la fedha kiunoni, na wengine husimama wima juu ya migongo ya farasi wawili wanaokimbia sambamba huku wameshikana. Kwa macho ya usalama huo ni wazimu, na mwandishi wa barua hii hawezi kuupendekeza kwa mtoto wa mtu. Kwa macho ya uchaguzi wa mavazi, hata hivyo, hakuna kumbukumbu tupu pale, kwa sababu nguo za uwanjani ndizo nguo za sherehe za watu walewale. Na huko Lamu, katika mbio za punda za Maulidi, vijana hupanda bila tandiko, wengine miguu mitupu, wakiwa na fulana na kaptura. Kwa vile hakuna tandiko hakuna kikuku, na kwa vile hakuna kikuku mguu hauna pa kunasa, hivyo kijana wa Lamu anayeporomoka mchangani huachana na punda wake papo hapo, jambo ambalo mtalii aliyepanda farasi kwa raba hana hakika nalo.