Ruhusa ya Kuingia: Kumbukumbu za Majumba ya Maduka ya Nairobi

Jumba la maduka, yaani jengo lenye paa moja na mwenye nyumba mmoja, ambamo wapangaji wengi huchaguliwa ili biashara ya mmoja iipe nguvu ya mwenzake, halikuzaliwa Afrika Mashariki, ingawa wakazi wengi wa Nairobi wa leo hawakumbuki jiji lao bila ya majumba hayo. Muundo wake wa kisasa huhusishwa na Victor Gruen, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye jengo lake la Southdale lilifunguliwa mwaka 1956 huko Edina, katika jimbo la Minnesota, likiwa na ua wa ndani uliofunikwa ambamo watu wangeweza kuketi na kuzungumza hata theluji ikianguka nje. Gruen alikusudia kuvipa vitongoji vya Marekani mahali pa kukutania mfano wa viwanja vya miji ya Ulaya, na uzeeni aliyakana hadharani majumba yaliyoiga kazi yake, akilalamika kwamba wawekezaji walichukua biashara tu na kuyaacha mengine yote.

Nairobi ilipata Sarit Centre mwaka 1983, katika mtaa wa Westlands ambao wakati huo bado ulikuwa wa nyumba zenye bustani. Kabla ya hapo matembezi ya madukani yalikuwa ya barabarani: familia zilizovalia nguo za Jumapili zilipita Kenyatta Avenue na Biashara Street maduka yakiwa yamefungwa, zikatazama viatu na vitambaa kupitia vioo, kisha zikaishia Uhuru Park kupanda mashua. Matembezi hayo hayakuhitaji sababu, kwa kuwa barabara ni ya kila mtu na hakuna aliyemuuliza mtazamaji ana shilingi ngapi mfukoni. Jumba la maduka, kwa upande wake, ni mali ya mtu, lina mlango, na mlangoni pana bawabu. Kwa hiyo aliyezoea kutembea bure alilazimika kutafuta kisingizio cha kuingia.

Kisingizio hicho kilikuwa supamaketi. Katika lugha ya biashara ya majengo, supamaketi ndiyo mpangaji mkuu, yaani duka kubwa linalopangishwa kwa kodi nafuu kwa kila futi ya mraba, kwa matarajio kwamba umati litakaouvuta utapita mbele ya maduka madogo yanayolipa zaidi. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilishikwa na Uchumi, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mtaji wa mashirika ya serikali, na baadaye na Nakumatt, iliyokua kutoka biashara ya magodoro ya familia moja mjini Nakuru hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wenye majumba waliitazama supamaketi kwa jicho la kodi. Vijana wasio na fedha waligundua faida nyingine, ambayo huenda haikuandikwa katika mkataba wowote, kwamba mkate wa Westlands haukupishana sana bei na mkate wa Kayole, na kwamba mwenye bei ya mkate alipita katika mlango uleule aliopita balozi.

Mwandishi wa makala haya na rafiki yake, waliosoma pamoja chuo kikuu jijini humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliutumia mlango huo bila haya. Jumamosi walipanda matatu, au walikwenda kwa miguu ikiwa mkopo wa masomo ulikuwa umechelewa, wakaacha mikoba yao kaunta na kupewa kipande cha plastiki chenye namba, kisha wakapita kila ujia kwa utaratibu wa wakaguzi: walijipulizia manukato ya majaribio, walisoma majarida wakiwa wamesimama, walisikiliza redio kubwa ambazo hakuna aliyewatarajia kuzinunua. Walichonunua kilikuwa mkate au mche wa sabuni, lakini keshia alikitia katika mfuko wa plastiki uleule aliotiliwa mnunuzi wa televisheni, na mfuko huo, hasa ule wenye picha ya tembo wa Nakumatt, ulikuwa na maisha marefu kuliko mkate. Ulikunjwa ukawekwa chini ya godoro bwenini ili usifanye makunyanzi, ukabeba madaftari darasani, na likizo ilipofika ukabeba nguo hadi kijijini, ambako jirani aliyeuona aliweza kukadiria mwenyewe mwanafunzi huyo anaishi maisha gani Nairobi. Makadirio yake yalikuwa ya juu mno, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Katika miaka iliyofuata majumba yaliongezeka kwa kasi. Village Market lilikuwa limefunguliwa Gigiri mwaka 1995, Westgate likafunguliwa 2007, na barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 wawekezaji walijenga kandokando yake kwa imani kwamba tabaka la kati, yaani watu wenye mishahara ya uhakika na gari la mkopo, lingekua upesi kuliko saruji ilivyokauka. Tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, magaidi wa Al-Shabaab walishambulia Westgate, wakaua watu 67, na mzingiro huo ukadumu siku nne. Jambo hilo halifai kupunguzwa na kuwa sura tu katika historia ya ununuzi. Hata hivyo, ni kweli kwamba tangu hapo mlango wa jumba la maduka ulibadilika kila mahali nchini. Bawabu aliyekuwa akiwatazama watu sasa aliwapekua, vigunduzi vya chuma vilisimikwa, magari yakaanza kuchunguzwa kwa vioo chini ya uvungu, na mtu akajifunza kupita kimya, simu na funguo zikiwa katika kisahani cha plastiki. Upekuzi huo ulikuwa wa lazima, lakini ulimfanya mtu ajiulize, kwa mara ya kwanza, kama alilolifuata ndani linastahili usumbufu huo.

Badiliko la pili lilikuja kimyakimya zaidi. Mwaka 2017 Nakumatt ilishindwa kuwalipa wauzaji walioiletea bidhaa, na rafu zikaanza kubaki tupu. Mwaka huohuo, tarehe 28 Agosti, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu inayoweza kufikia faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne, hata ule mfuko wa tembo uliokuwa bado chini ya magodoro ukawa kitu cha kuogopwa. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, yaani mtaalamu aliyeteuliwa kuendesha mali zake kwa niaba ya wadai, na mapema mwaka 2020 wadai walipiga kura ifungwe kabisa, matawi sita yaliyosalia yakichukuliwa na Naivas.

Ni katikati ya mporomoko huo, mwishoni mwa mwaka 2018, ambapo rafiki huyo, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kazi Kisumu, alirudi Nairobi kwa mapumziko na kuomba matembezi ya zamani, safari hii akiwa na mshahara na orodha: sufuria moja ya maana, viatu vya shule vya binti yake, na manukato ambayo enzi zile alikuwa akijipulizia bure. Jumba lililochaguliwa, moja kati ya yale mapya yaliyo mbali na katikati ya jiji, lilikuwa na nafasi tele za kuegesha, jambo ambalo lingepaswa kuwa onyo. Supamaketi ilikuwa imefungwa na vioo vyake vimebandikwa karatasi. Pale zilipochanika, mtu aliona kaunta ya mikoba, na nyuma yake vile vipande vya namba vikiwa bado vimening'inia kwenye misumari kwa mpangilio kamili. Ngazi za umeme zilikuwa zimesimama, ghorofa ya juu ilikuwa giza, na maduka yaliyobaki yaliuza vitu ambavyo havimo katika orodha ya mtu wa kawaida: miwani, saa, mazulia. Marafiki hao walipochoka waliketi ukingoni mwa bustani ya maua, kwa kuwa viti vyote vilikuwa vya mikahawa, na baada ya muda mfupi bawabu akawajia kwa upole, akasema, "Samahani, mama, hapa si pa kukaa."

Rafiki huyo alikasirika, lakini hasira yake haikumwelekea bawabu, wala haikuhusu bidhaa zilizokosekana. Alichokiona, kama alivyoeleza baadaye garini, ni kwamba walipokuwa hawana kitu walikuwa na mahali pa kwenda, na sasa wanapoweza kulipa hawana. Mwandishi hakubaliani na sehemu moja ya maelezo hayo. Majumba ya maduka hayakuwahi kuwapenda wanafunzi. Yaliwavumilia tu, kwa sababu supamaketi haikuwa na njia ya kumtenganisha mlangoni mnunuzi wa televisheni na mnunuzi wa sabuni, na uvumilivu huo ulikuwa pengo katika mpango wa biashara, si ukarimu. Supamaketi ilipoondoka pengo likazibika, na kila duka lililobaki likawa na uwezo wa kumjua mgeni wake kwa kumtazama mara moja. Rafiki huyo husema kwamba hoja hiyo ni ya mtu aliyesoma sana na kununua kidogo, na pengine ana haki, kwa kuwa ndiye aliyerudi Kisumu bila viatu vya shule.

Ni kweli pia kwamba si majumba yote yaliyopoa. Carrefour, iliyoletwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilifungua tawi lake la kwanza nchini mwaka 2016 katika jumba la The Hub, Karen, kisha ikaingia katika baadhi ya nafasi zilizoachwa wazi. Naivas nayo imeenea mitaani karibu na wanunuzi, ambako mtu huingia, hulipa kwa M-Pesa na kutoka bila kukusudia kumwona yeyote. Ununuzi wa namna hiyo ni mwepesi na wa busara, ila hauwezi kuitwa matembezi.

Kinachofanana zaidi na Jumamosi za wanafunzi hupatikana Ijumaa katika Village Market, wakati wachuuzi wa Maasai Market wanapotandaza vikapu, shanga na vinyago, na watu wakapita kati yao wakigusa, wakiuliza bei na kuondoka bila kununua, huku muuzaji akiendelea kushusha bei nyuma yao. Huko ndiko rafiki yule hupelekwa siku hizi anapofika Nairobi. Sufuria huinunua katika soko la Gikomba, akiwa njiani kurudi.