Benchi la Mwisho



Kila Jumapili ya mwisho ya Januari ulimwengu huwakumbuka wenye ukoma, desturi iliyoanzishwa na Mfaransa Raoul Follereau mwaka 1954. Hapa Mwadingusha tuliwaombea mara nyingi, wala hatukugeuka kutazama benchi la mwisho, alipokaa mama mmoja ambaye ukoma ulimwacha na vidole vichache. Wakati wa kutakiana amani tulimwinamia kichwa kwa mbali. Hakuna aliyetukataza kumpa mkono, tulijikataza wenyewe.

Wazee wetu waliogopa ugonjwa usio na dawa. Sisi hatuna udhuru huo. Ukoma hauambukizi kwa urahisi, na tangu miaka ya 1980 unaponywa kwa mseto wa dawa. Lakini hofu hudumu kuliko ugonjwa. Huko Hawaii, kuanzia mwaka 1866, watu wapatao 8,000 walitengwa kwa nguvu ya sheria katika rasi moja ya kisiwa cha Molokai, mpaka mwaka 1969. Wengi wao makaburi yao hayana alama. Mtakatifu Damien, padri Mbelgiji, aliishi nao tangu mwaka 1873, akaugua ugonjwa wao, akafa kati yao mwaka 1889.

Tusiseme kwamba hiyo ni kazi ya mapadri. Wanda Błeńska, daktari na mlei kutoka Polandi, aliwahudumia wenye ukoma huko Buluba, Uganda, kwa miaka zaidi ya 40, akiwagusa kwa mikono mitupu ili wengine waache kuogopa.

Katika Injili ya Marko, Yesu ananyosha mkono na kumgusa mwenye ukoma kwanza, ndipo anamtakasa. Kisha yule mtu anarudi kati ya watu, naye Yesu anabaki nje, mahali pasipo watu. Amechukua nafasi yake.

Mama yetu alifariki. Siku ya mazishi katekista alituuliza jina lake la ubatizo ili alitaje katika sala. Tulitazamana, hakuna aliyelijua. Tulilibeba jeneza lake kwa mikono ileile tuliyomnyima.

Ndiyo maana tunawaandikia. Kabla ya kuwaombea waliotengwa zamani, tugeuke nyuma kanisani mwetu. Tuulize jina la yule anayekaa peke yake, tumpe mkono, tuketi karibu naye angali hai.